Jua Kali, Rangi Kali, na Mtu Aliye Mbele ya Kamera

Karibu kila anayefundisha kupiga picha atakuambia uende ufukweni alfajiri au jioni, jua likiwa limeinama na mwanga umegeuka dhahabu. Ushauri huo ni mzuri kwa picha za mahaba, za harusi, za mtu aliyetulia akitafakari. Kwa picha za majira ya joto zenye rangi zinazoita macho kutoka mbali, mimi siufuati. Jua la jioni hupaka kila kitu rangi yake: mchanga unakuwa wa machungwa, ngozi ya machungwa, gauni jeupe la machungwa, na ile feruzi ya maji uliyoitamani tangu mwanzo inatoweka.

Sababu iko kwenye maji yenyewe. Jua likiwa chini, sehemu kubwa ya mwanga hugonga uso wa bahari na kuteleza, na unachokiona ni anga iliyojiakisi juu ya maji. Jua likipanda, mwanga hupenya hadi chini. Maji hunyonya wekundu wa mwanga huo na kuacha buluu. Na pale penye kina kifupi juu ya mchanga mweupe, mwanga hurudi juu kabla kijani chake hakijapotea, ndipo tunapata feruzi. Rangi hiyo huwezi kuitengeneza baadaye kwenye kompyuta bila kuonekana ya uongo. Kwa hiyo hupanga kupiga katikati ya asubuhi au katikati ya alasiri, jua likiwa limepanda vya kutosha kuyafungua maji lakini halijakaa utosini.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Jua lile lile linaloipa bahari rangi humfanya mtu akunje uso, humtia vivuli vyeusi machoni, humchoma ngozi na kumchosha mwili. Mpango mzima wa siku, kwa maoni yangu, ni kupatanisha mambo hayo mawili: rangi zipate jua lao, na mtu apate kivuli chake. Nikichagua mwavuli, kofia, saa ya kuanza, hata mahali pa kutandika mkeka, naanza na swali hilo.

Kabla ya kununua au kuazima chochote, nenda ukautazame ufukwe saa ile ile utakayopiga. Simu inatosha. Piga picha ya maji, ya mchanga mkavu, ya mchanga mbichi na ya anga, kisha ukae nazo nyumbani. Ufukwe si studio yenye ukuta mweupe. Ukifika unakuta rangi tatu kubwa zimekwisha kukutangulia, na hizo tatu zitajaza sehemu kubwa ya kila fremu. Ukiwa na buluu nzito ya maji ya kina, mchanga wa rangi ya manjano hafifu na anga nyepesi, uamuzi wa nguo ni mmoja. Ukiwa na maji ya kijani na mchanga wa kijivu, uamuzi ni mwingine kabisa.

Kwenye duara la rangi, buluu hukabiliana na machungwa, na feruzi hukabiliana na nyekundu iliyoelekea machungwa. Rangi zinazokabiliana hivyo zikiwekwa bega kwa bega, kila moja huifanya mwenzake ionekane kali zaidi. Jambo hili lilichunguzwa kwa makini na mwanakemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, kilichofuma mazulia ya ukutani. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zinaonekana hafifu. Alipozichunguza alikuta weusi wake hauna kasoro. Tatizo lilikuwa rangi zilizofumwa jirani yake. Mwaka 1839 alichapisha maelezo yake kuhusu namna rangi zinavyobadilishana sura zikikaa pamoja, na mpaka leo sijaona msaada mkubwa kuliko huo kwa mtu anayepanga picha. Ukiona gauni lako la waridi limepauka ufukweni ilhali dukani liliwaka, tazama kwanza lilisimama mbele ya nini.

Kanuni yangu ni rangi mbili kubwa za kuongeza, na ya tatu ndogo. Kwa mfano gauni la manjano iliyokolea, mwavuli mweupe, na kitu kimoja kidogo chekundu: kandambili, bangili au fremu ya miwani. Nikipita hapo, jicho la mtazamaji linazunguka ovyo na kuchelewa kufika usoni. Najua wapo wanaopenda picha iliyojaa kila rangi ya upinde wa mvua, na zipo zinazofana, lakini nyingi ya hizo ukizitazama kwa makini utakuta msingi wake ni rangi mbili zilizorudiwarudiwa.

Rangi ya nne, ambayo watu huisahau kwenye hesabu, ni ngozi ya mwanamitindo. Ngozi nyeusi iliyolala kwenye manjano, machungwa au buluu kali hupendeza mno juani. Ngozi nyeupe hupokea haraka rangi ya vitu vilivyo karibu nayo: taulo la kijani lililotandikwa chini ya kidevu litampaka mtu kijani shingoni na kumfanya aonekane mgonjwa. Na hakuna ngozi inayosalimika chini ya mwavuli mwekundu wa kitambaa chepesi. Jua hupita katikati ya kitambaa na kushuka likiwa limegeuka jekundu, na kamera hulinasa hivyo hivyo. Mwavuli mzuri kwa kazi hii ni wa kitambaa kizito kisichopitisha jua, nje uwe na rangi uipendayo, ndani uwe mweupe.

Nyekundu yenyewe ina ukorofi wake. Kitambaa chekundu sana au manjano sana kikipigwa na jua kali, chaneli moja ya rangi kwenye kamera hujaa kabla ya nyingine, na mikunjo ya nguo hupotea, ikabaki bonge moja la rangi. Histogramu ya jumla, ile grafu ya kamera inayoonyesha mwanga wa picha kuanzia giza kushoto hadi weupe kulia, haikuonyeshi hilo. Fungua ile inayotenganisha nyekundu, kijani na buluu, uone kama mojawapo imebanwa kwenye ukingo wa kulia.

Siku moja kabla, huwa navitandaza vitu vyote chini, nguo kwa vikorokoro, na kuvipiga picha moja kwa simu kutoka juu. Halafu naitazama picha hiyo ikiwa ndogo, saizi ya ukucha. Kitu kinachonivuta jicho kwanza, nikiona kitashindana na uso wa mtu, nakiacha. Mara nyingi ni boya la kupuliza lenye michoro mingi, au taulo lenye maandishi. Maandishi ni adui mkubwa, kwa sababu mtu husoma kabla hajatazama.

Vikorokoro vyenyewe viwe vichache na kila kimoja kiwe na kazi mwilini mwa mtu. Mikono isiyo na kazi ndiyo humfanya mwanamitindo aonekane amepigwa butwaa, hata mzoefu. Mwavuli hupa mkono kitu cha kushika, na papo hapo hutengeneza duara nyuma ya kichwa na kivuli usoni. Mpira mwepesi wa kupuliza humlazimisha mtu kuruka, kudaka, kukosa na kucheka, na kicheko hicho hakiigizwi. Kitambaa chepesi cha mita 3 hivi, akishike pembe mbili na kuuachia upepo, kitakuchorea mistari ambayo hakuna anayeweza kuipanga. Weka spidi ya shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia, kwenye 1/1000 ya sekunde au haraka zaidi ili ncha zake zisififie. Kofia pana ya majani ina siri: ikiwa imesukwa kwa nafasi, jua hupenya na kumwaga vitone vya mwanga usoni. Vitone hivyo vikianguka shavuni na begani ni vizuri mno. Kimoja kikitua kwenye mboni au ncha ya pua, picha imeharibika. Mwambie azungushe kofia kidogo kidogo, kidole kimoja ukingoni, nawe uangalie kwenye kioo cha kamera mpaka vitone vikae mahali pake.

Miwani ya jua yenye vioo vinavyong'aa itakuonyesha wewe umesimama na kamera, kwa hiyo mwombe ainamishe uso nyuzi chache, au simama mahali ambapo kitakachoonekana kiooni ni bahari na anga tu. Maputo siyapeleki ufukweni kamwe. Yakiponyoka yanaishia majini, na kasa na ndege wa baharini huyameza wakidhani ni chakula. Vivyo hivyo vumbi la kumetameta na vipande vya karatasi za rangi: huwezi kuviokota vyote kwenye mchanga.

Sasa mwanga. Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba dunia yote kwa wastani ni ya kijivu. Ukikielekeza kwenye mchanga mweupe na maji yanayong'aa, kitapunguza mwanga ili kuvigeuza viwe kijivu, na uso wa mtu utazama gizani. Ongeza stopu 1 (yaani mwanga mara mbili), wakati mwingine 1 na nusu, au pima usoni moja kwa moja na uache mchanga ujitafutie mahali pake. Katika jua kali lisilo na wingu, ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), shata 1/250 na f/11 (upana wa tundu la lenzi) ni mahali pazuri pa kuanzia. Utarekebisha kutoka hapo.

Mchanga huo huo unaokudanganya kipimo ni rafiki kwa upande mwingine: unarudisha mwanga kutoka chini kwenda juu. Mtu akisimama, mwanga huo unamfikia usoni ukiwa umepungua. Akikaa au kupiga magoti kwenye mchanga mweupe, vivuli vya chini ya macho na kidevu hulainika mbele yako bila kifaa chochote. Ndiyo maana picha zangu za uso za saa za jua kali karibu zote ni za mtu aliyekaa. Weka taulo jeupe mbele ya magoti yake, nje kidogo ya fremu, na utaona macho yanavyofunguka.

Kuna jambo moja linalotatiza. Jua likiwa nyuma ya mpigapicha, bahari inakuwa buluu kamili, lakini mwanamitindo analitazama jua uso kwa uso. Likiwa nyuma ya mwanamitindo, yeye anapumzika na nywele zake zinapata ukingo wa mwanga, lakini bahari inageuka kimetameta cheupe kisicho na rangi. Mimi hulipeleka jua ubavuni, nikampa mtu mwavuli au kofia, nikamjazia uso kwa flashi ndogo au kwa ubao mweupe ulioshikwa na msaidizi. Kichujio cha polaraiza hufanya kazi yake vizuri zaidi jua likiwa hivyo hivyo ubavuni, nyuzi 90 kutoka unakoelekeza lenzi: hukata mng'ao wa juu ya maji na kuizidisha buluu ya anga. Kinakula karibu stopu 1 na nusu hadi 2 za mwanga, ambazo kwenye jua kali hutazijutia. Kwa lenzi pana sana kiache, maana upande mmoja wa anga utakuwa na giza kuliko mwingine. Na ukitumia flashi ya kawaida, kumbuka kamera nyingi hazikubali shata ipite 1/200 au 1/250 bila flashi hiyo kuwa na uwezo wa kwenda sambamba na spidi kubwa.

Ile pazia nyeupe ya kulainisha jua, yenye fremu ya mita moja au zaidi, ni nzuri mno bustanini. Ufukweni inageuka tanga. Kama huna mtu mwenye nguvu wa kuishika kwa mikono miwili, iache nyumbani. Ikimponyoka inaweza kumjeruhi mtu.

Mstari wa bahari na anga usikate shingo wala kichwa. Ukichuchumaa, mtu anapanda kuelekea angani. Ukisimama juu ya kigoda, anashuka kwenye mchanga. Hii ndiyo hila ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inakupa kuta tatu za rangi tofauti bila mwanamitindo kusogea hata hatua moja: anga ya buluu nyepesi ukiwa chini, ukanda wa maji ukiwa kimo chake, mchanga ukiwa juu. Gauni la manjano linalopotea kwenye mchanga linaweza kuwaka likitazamwa kutoka magotini.

Saa za kujaa na kupwa zitazame mapema kwenye jedwali la pwani unakokwenda. Pwani nyingi hupata kujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, takribani saa 6 na dakika chache kati ya kimoja na kingine, na kila siku mambo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa za bamvu: maji hujaa zaidi na kupwa zaidi. Mimi hutafuta saa ambayo maji yanaondoka, kwa sababu yanaacha nyuma yake ukanda wa mchanga mbichi, laini, usio na nyayo, unaoakisi rangi za nguo kama kioo. Ukanda huo hudumu dakika chache tu. Wapange watu wako wote wapite upande wa kamera, na mwanamitindo aingie peke yake kutokea majini, ili nyayo zitakazoonekana ziwe zake tu.

Ulizia pia kama ufukwe huo unahitaji kibali kwa picha za biashara, na usinase nyuso za watu wengine waliokuja kupumzika, watoto hasa.

Kuhusu mwanamitindo, kazi kubwa hufanyika kabla ya siku yenyewe. Kaeni mtazame pamoja picha za mfano. Muulize wazi atavaa nini na hatavaa nini, kama anajua kuogelea, kama angependa kuja na rafiki au ndugu wa kumsindikiza. Karatasi ya ridhaa isomwe na kusainiwa siku ya utulivu, si pale ufukweni jua likiwa linachoma: itamke picha zitatumika wapi, kwa muda gani, na nani ana haki ya kuziuza. Kama hajatimiza umri wa mtu mzima, mzazi au mlezi ndiye anayesaini, na awepo. Mwombe pia aje na nguo pana zisizobana, kwani alama za mpira wa nguo kiunoni na mabegani huchukua muda kuondoka kwenye ngozi.

Siku yenyewe, mafuta ya kukinga jua yapakwe dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka kivulini, na yarudiwe kila baada ya saa 2, mapema zaidi akiingia majini. Yenye SPF 30 (kipimo cha kinga kinachoandikwa kwenye chupa) yakipakwa ya kutosha huzuia karibu asilimia 97 ya UVB, miale ya jua inayounguza ngozi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuyaacha kwa kuogopa mng'ao. Mng'ao unaondolewa kwa karatasi laini, kubandika na kubandua, bila kusugua. Yale yenye zinki yanaweza kuacha weupe unaoonekana sana flashi ikipiga, hivyo yajaribuni mapema. Mchanga ulioganda miguuni na mikononi hutoka kirahisi kwa poda ya mtoto: nyunyizia kidogo, pangusa kwa kitambaa kikavu, unadondoka wote. Kandambili zivaliwe mpaka sekunde ya mwisho, kwa sababu mchanga mkavu wa mchana huunguza nyayo kwelikweli, na maumivu ya miguu huonekana usoni.

Napiga kwa vipindi vifupi, dakika 10 hivi juani, kisha kivulini na maji ya kunywa. Katikati ya kupiga, macho yake yapumzike: ayafumbe, ainamishe uso, nihesabu moja mpaka tatu, afungue na kutazama. Ile nusu sekunde ya kwanza macho yakiwa yamefunguka kabisa ndiyo ninayoingoja. Simwambii mtu "furahi". Namwambia akimbize wimbi linalorudi, au aurushe mpira juu na kuudaka kwa mkono wa kushoto. Akianza kusema kichwa kinauma, ana kizunguzungu au kichefuchefu, kazi inasimama pale pale, anaingia kivulini, anapozwa na kunyweshwa maji. Hakuna picha inayostahili kuendelea baada ya hapo. Na akiwa ndani ya maji asiipe bahari mgongo pasipo mtu wa kumtazamia mawimbi; gauni refu likilowa huwa zito na humvuta.

Mpangilio wa siku ni wa kwenda kutoka kukavu kuelekea kubichi. Picha za uso na nywele kwanza, kisha mwavuli na kofia, kisha kitambaa na mpira, na maji mwisho kabisa, maana akishalowa hakuna kurudi nyuma. Upepo nao huamua: mgeuze mwanamitindo uso uelekee unakotoka, nywele zirudi nyuma badala ya kumfunika.

Vyombo vyako vitakaa salama kama hubadilishi lenzi kwenye upepo wa mchanga. Kama umetoka chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya begi lililofungwa ipate joto polepole, la sivyo lenzi itajaa ukungu. Jioni puliza mchanga kwanza, ndipo ufute chumvi kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji baridi yasiyo ya chumvi, na suuza miguu ya kigoda cha kamera.

Kwenye kuhariri naanza na ngozi. Nikishaipata ilivyo, naigusa feruzi kidogo sana, na mara nyingi inatosha kupunguza mwanga wa buluu badala ya kuongeza ukali wa rangi yote. Baada ya hapo namtumia mwanamitindo zile nilizochagua kabla hazijaonwa na mtu mwingine yeyote. Zile asizozitaka naziondoa, hata kama ndani yake kuna ile ambayo kitambaa kilipaa vizuri kuliko zote.